Anwani ya taasisi, funguo kwa fundi

Wiki mbili nilikuwa kimya, mitihani ilinibana. Leo sina stori za hosteli wala foleni ya maji, nina hoja. Najua wapo watakaosema haimhusu mtoto wa udaktari. Inamhusu sana tu.

Hoja yenyewe ni hii: taasisi yoyote hapa Ifakara na bonde zima la Kilombero yenye anwani yake ya barua pepe, iwe chuo, zahanati au chama cha wakulima wa mpunga, kama haiwezi kuilinda basi bora isiwe nayo kabisa.

Kwa nini? Kwa sababu watu tunaiamini. Ukiona anwani inaishia na .ac.tz unasema hiki ni chuo, .or.tz unasema hili ni shirika. Mzazi kule Mlimba akipata barua kwamba akaunti ya ada imebadilika, ataangalia mwisho wa anwani, kisha atalipa. Kumbe utaratibu wa kutuma barua pepe, SMTP, uliwekwa mwaka 1982, enzi ambazo mtandao ulikuwa na watu wachache. Wenyewe hauulizi kama huyo anayejiita mhasibu ndiye kweli. Ni sawa na bahasha ya posta, nyuma yake unaandika jina lolote utakalo.

Dawa ipo, tena ipo ndani ya ile paneli ya kuendeshea tovuti, kama cPanel, ambayo kwa kawaida inakuja na huduma mliyokwisha kuilipia. Ni vitu vitatu. SPF ni orodha ya seva zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina lenu. DKIM ni sahihi ambayo seva yenu inaitia kwenye kila barua, ili anayepokea ajue haijachezewa njiani. DMARC inamwambia anayepokea afanye nini barua ikifeli: aiache ipite, aitupe kwenye spamu, au aikatae kabisa. Anzeni na kuiacha ipite huku mkisoma ripoti, halafu kazeni taratibu. Rekodi ya SPF iwe moja tu. Mkiweka mbili, zote zinaharibika.

Msiishie hapo. Simu na kompyuta za ofisini ziunganishwe kwa njia iliyofungwa, yaani poti 993 ya kusomea na 465 au 587 yenye TLS ya kutumia. Halafu mfungue ukurasa wa kuelekeza barua. Mwizi akishaingia kwenye akaunti anapenda kuweka amri kwamba kila barua nakala iende kwake. Mnabadilisha paswedi, mnashangilia, kumbe amri bado ipo na jamaa anaendelea kusoma!

"Hatuna bajeti." Jamani, rekodi hizo tatu hazinunuliwi. Ni mistari ya maandishi.

"Tunatumia WhatsApp." Sawa, kwa kuitana kwenye vikao. Majibu ya mgonjwa je? Mji huu umejulikana duniani kwa utafiti wa malaria, tangu Waswisi walipoanzisha maabara yao hapa mwaka 1957, hiyo ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Taarifa za watu zinazokusanywa kwenye bonde hili ni nyingi na ni nyeti. Na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Sheria haitakubali kisingizio cha "fundi hapokei simu".

Maana hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo. Kuna ofisi moja hapa mjini, siitaji, barua zake za kuitia watu kwenye usaili zinaangukia spamu. Rafiki yangu aliiona ya kwake siku mbili baada ya usaili kupita. Nafasi imekwenda hivyo. Alipouliza, akaambiwa paneli anayo kijana aliyewatengenezea tovuti, na siku hizi yuko Dar. Na wala tusimlaumu Google. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka anayetuma barua kwa wingi awe na zote tatu, na hata mtumaji mdogo awe na SPF au DKIM.

Kwa hiyo ninachodai si kuajiri mtaalamu kutoka ng'ambo. Nadai jina la tovuti liandikishwe kwa taasisi, sio kwa fundi. Paswedi ya paneli wawe nayo watu wawili wa ofisini, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Fundi apewe kazi, asipewe nyumba.

Na wewe mwanafunzi una la kufanya. Fungua Gmail kwenye kompyuta, chukua barua yoyote kutoka ofisi yenu, bonyeza vile vidoti vitatu uone barua halisi. Juu kabisa utakuta SPF, DKIM na DMARC, na kama zimefaulu au zimefeli. Zikifeli, chapa karatasi hiyo, mpelekee msajili kwa heshima zote. Akisema hamna shida, muulize funguo za paneli anazo nani.

Haya, anayepinga aje na hoja. Mimi naenda wodini.