Mficha maradhi: neno ambalo polisi wa London walilikataa

Katika zoezi la tafsiri la muhula huu tulipewa maneno mawili ya Kifaransa: «racisme institutionnel». Wengi wetu tuliandika «ubaguzi wa rangi wa kitaasisi» tukaenda zetu. Nami niliandika hivyo, nikapata alama. Lakini nilipomsomea mama yangu mdogo nyumbani, aliniuliza: «Kitaasisi ni nini? Ni ubaguzi wa shuleni?» Tangu siku hiyo naona kwamba tulitafsiri neno, hatukutafsiri jambo lenyewe. Na jambo hilo ni zito, maana kuna watu waliocheleweshewa haki kwa sababu yake.

Neno hilo lilipata umaarufu huko London. Tarehe 22 Aprili 1993 kijana mweusi wa miaka 18, Stephen Lawrence, alichomwa kisu na kundi la vijana weupe mtaani Eltham, alipokuwa akingoja basi na rafiki yake. Polisi waliofika walimwona rafiki huyo kama mgomvi, si kama shahidi wala kama mtu aliyetoka kushambuliwa, na maneno yake hayakupewa uzito uliostahili. Ilifika Januari 2012 ndipo wauaji wawili walipohukumiwa.

Mwaka wa 1999 uchunguzi ulioongozwa na jaji mstaafu William Macpherson ulitoa mapendekezo 70, pamoja na maana ya neno letu. Kwa maneno yangu mwenyewe: ni kushindwa kwa chombo kizima kuwahudumia watu ipasavyo kwa sababu ya rangi, utamaduni au asili yao, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kuwabagua. Macpherson hakusema kwamba kila polisi ni mbaguzi. Alisema kwamba kazi yenyewe, jinsi ilivyozoeleka, huweza kuzaa ubaguzi.

Machi 2023 Louise Casey alitoa ripoti nyingine kuhusu polisi wale wale, akafikia hukumu ile ile. Kamishna Mark Rowley aliyakubali matokeo ya ripoti, lakini alikataa kulitumia neno «kitaasisi». Alisema maana yake haieleweki wazi na kwamba limeingiliwa na siasa.

Hapo mimi, mwanafunzi wa lugha, sikubaliani naye. Neno lenye utata halitupwi, linafafanuliwa. Na hili lilikuwa limekwisha kufafanuliwa miaka 24 kabla. Ukilitupa, unabaki na nini? Waingereza hupenda kusema kuwa ni matunda machache tu yaliyooza. Kiswahili kina methali kali zaidi: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Naona zote mbili zinakosea. Ya kwanza inaliokoa kapu kwa kulilaumu tunda. Ya pili inamhukumu hata polisi mwaminifu, na ndiyo hiyo hiyo tunayoitumia kuhukumu kabila zima kwa kosa la mtu mmoja. Kinachotakiwa kuchunguzwa ni kapu: watu wanaajiriwaje, nani hupandishwa cheo, nani huadhibiwa, nani husikilizwa anapoleta mashtaka.

Wapo watakaosema: acheni maneno, ajirini weusi wengi, yatakwisha. Kuajiri ni lazima, sikatai. Ripoti ya Casey ilionyesha kwamba 82% ya polisi wa London walikuwa weupe, katika mji ambao kwa sensa ya 2021 weupe ni karibu 54%. Na mlango unaweza kufunguliwa kwa sheria: Ireland ya Kaskazini, tangu 2001 hadi 2011, iliajiri nusu Wakatoliki na nusu wasio Wakatoliki, na Wakatoliki katika polisi wakapanda kutoka karibu 8% hadi karibu 30%. Lakini mlango peke yake hautoshi. Casey alikuta pia kwamba uwezekano wa polisi mweusi kushtakiwa kwa makosa ya nidhamu ulizidi ule wa mwenzake mweupe kwa 81%. Mkubwa anayekataa kutaja mazoea ya ndani ataendelea kuhesabu wanaoingia, bila kuuliza yanayowapata wakiisha kuingia.

Msomaji anaweza kuuliza: London inatuhusu nini sisi Wakongomani? Inatuhusu, kwa sababu somo hili tulilipata kabla. Force Publique, iliyokuwa jeshi na polisi kwa pamoja, ilifika siku ya uhuru, 30 Juni 1960, bila ofisa Mkongomani hata mmoja. Tarehe 5 Julai Jenerali Janssens aliwaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Hakuandika tusi, alitaja kawaida ya kazi tu. Askari walimwelewa vizuri kabisa, na maasi yakaanza. Hakuna aliyehitaji kamusi.

Leo sisi na polisi wetu ni wa rangi moja, lakini kapu bado linataka kuchunguzwa. Tangu ukoloni Lingala ilikuwa lugha ya amri, na hadi leo mtu wa mashariki huweza kuamriwa njiani kwa lugha asiyoijua vizuri. PV nayo huandikwa kwa Kifaransa. Mama asiyesoma Kifaransa huweka kidole gumba chini ya maneno ambayo hawezi kujua kama ni yake. Pengine polisi aliyeandika hana nia mbaya hata kidogo. Ndivyo kazi ilivyozoeleka. Katiba inazitaja Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, lakini katika karatasi ile hazimo.

Ninapendekeza basi jambo moja kwa polisi na moja kwetu. Kwa polisi: PV isomwe kwa lugha ya mhusika kabla ya sahihi, na jina la aliyesoma liandikwe chini. Haihitaji fedha nyingi, inahitaji dakika chache na mtu anayejua lugha ya mahali. Kwetu: baadhi ya kazi zetu za mwisho wa masomo zitengeneze istilahi za PV kwa Kiswahili kinachoeleweka sokoni, si kwa Kiswahili cha kupatia alama tu.

Mimi nimekwisha kuanza na neno moja. Nimelirudia zoezi langu nikaandika «ubaguzi wa mazoea ya kazi», nikamsomea tena mama mdogo. Akasema: «Ah, huo naujua.» Waheshimiwa walimu, kama tafsiri hiyo ina kasoro, nirekebisheni. Lakini tusirudi kwenye neno ambalo mwenye kuumizwa hawezi kulitumia kushtaki.