Kicheko si Dhambi

Tunaandika haya tukijua ya kuwa wako watakaochukizwa, nao ni wazee tunaowaheshimu. Lakini heshima haitufungi vinywa.

Pasaka iliyopita, katika kanisa dogo la upande wetu huu wa Samuye, bibi mmoja aliyebatizwa uzeeni alisikia habari za kaburi tupu zikisomwa, akapiga vigelegele. Watoto wakacheka kwa furaha. Mara mzee mmoja wa kanisa akasimama, akawakemea wote, akisema, "Hapa si ngomani!" Bibi akajifunika uso kwa kanga, na tangu siku ile hajaonekana tena ibadani. Tulipomwendea kumwuliza sababu, alitujibu, "Walimu, nilidhani mmesema amefufuka."

Basi ni nani aliyetufundisha ya kwamba uso uliokunjamana ni alama ya utakatifu? Wako wasemao, Bwana alilia kaburini pa Lazaro, wala hapakuandikwa mahali popote ya kuwa alicheka. Neno hili ni la kale. Yohane Krisostomo alilihubiri katika karne ya 4. Twamheshimu mtu yule, lakini hapakuandikwa pia ya kuwa Bwana alipiga chafya. Lililoandikwa ni kwamba alikwenda arusini Kana, na divai ilipokwisha hakuwatuma watu waende zao makwao. Na mwana wa ahadi, aliyezaliwa na Sara katika uzee wake, jina lake ni Isaka, maana yake kicheko. Wenye kuchukia kicheko wamwiteje? Tena wakumbuke Mikali binti Sauli, aliyemchungulia Daudi dirishani akicheza mbele ya sanduku la Bwana, akamdharau moyoni. Dirisha lile lingalipo hata leo, na wengi wetu tumesimama nyuma yake.

Hatusemi kila kicheko ni chema. Kumcheka kilema, au kumcheka mwenzako aliyeanguka, ni ukatili.

Wengine hututajia Kashasha, upande wa Bukoba, kuwa ni onyo. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni, wasichana 3 walishikwa na kicheko kisichozuilika. Kikaenea hata kuwapata 95 katika 159, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Lakini tazameni vema jambo lenyewe. Wasichana wale walicheka na kulia kwa kupokezana, wakihangaika kwa hofu. Madaktari walitafuta sumu na ugonjwa wasione kitu. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Waliolichunguza jambo hili baadaye waliona chanzo chake katika mashaka yaliyowalemea wanafunzi. Je, hii ndiyo furaha? Hasha! Atakaye kutuonya kwa Kashasha, na aanze kuuliza watoto walikuwa wakiogopa nini. Sisi walimu, wenye fimbo mikononi, swali hili latuhusu kwanza.

Tena twalalamika kwamba vijana wakiisha kuvuna huenda kutazama Bagika na Bagalu wakishindana kwa ngoma, na mabenchi yetu yabaki matupu. Jamani, kijana aliyekulia katika bugobogobo, anayejua kuinua jembe na kulizungusha huku kijiji kizima kikimshangilia, tunamwita aje akae kimya saa tatu akitazama kisogo cha mwenzake! Padre David Clement wa Bujora, karibu na Kisesa, aliliona jambo hili tangu miaka ya 1950. Hakuzifukuza ngoma za Wasukuma. Alizikaribisha, na sikukuu ya Bulabo, yaani maua, hufanyika kila mwaka mwezi wa Juni pamoja na sikukuu ya Ekaristi. Bagika na Bagalu huja wakacheza. Huenda wengine hawaji kwa ajili ya Ekaristi. Lakini wamekuja, nasi tulio na mabenchi matupu tuna nini cha kuwasuta?

Mtu mmoja alituambia, "Mkiruhusu vigelegele leo, kesho wataleta pombe." Twamjibu kwamba yule bibi hanywi pombe. Amezika watoto wanne, na anayajua machozi kuliko mwenye kumkemea.

Jumamosi tutakwenda tena nyumbani kwake. Tumemwomba mzee yule wa kanisa afuatane nasi. Hajatujibu bado.