Kujitokeza kulipa kodi za majimbo
Nchini Marekani, mfanyabiashara anaweza kudaiwa kodi ya mauzo na jimbo ambalo hajawahi kulikanyaga. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2018, katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, iliruhusu majimbo kuwabana hata wauzaji wa mtandaoni wasio na duka wala ghala humo. South Dakota yenyewe wakati huo ilikuwa imeweka kiwango cha mauzo yanayozidi dola 100,000 kwa mwaka, au miamala 200. Aliyechelewa kujisajili anaweza kuomba mkataba wa kujitokeza kwa hiari, na mara nyingi mhasibu au wakili huuomba bila kumtaja mteja mpaka masharti yakubaliwe. Kwa kawaida jimbo hudai kodi ya miaka mitatu au minne iliyopita pamoja na riba, likasamehe faini. Nafuu hiyo si ndogo, kwani asiyewasilisha ritani kwa kawaida deni lake halifutiki hata miaka ikipita. Lakini kodi iliyokwisha kutozwa wateja ikabaki mfukoni mwa muuzaji hulipwa yote, na ni haki. Barua ya jimbo yenye dodoso la mauzo ikitangulia kufika, nafasi ya kujitokeza kwa kawaida huwa imepotea.