Tunawatupa Warefu Kabla Hawajaiva

Kuna imani imeota mizizi katika michezo yetu, na imetuharibia vijana wengi mno: kwamba mchezaji mrefu wa kikapu ama anazaliwa nyota, ama basi. Akifika miaka ishirini bado anajikwaa chini ya ringi, wajuzi wa pembeni mwa uwanja wanamalizana naye kwa sentensi moja: "Huyu ni urefu tu, hana kitu." Nimeyasikia maneno hayo Sumbawanga, nimeyasikia Mbeya, na Dar es Salaam nimeyasikia kwa watu wanaojiita makocha. Ukiwabana watoe ushahidi, wote wanakimbilia jina moja, Hasheem Thabeet.

Haya, tuanze na Thabeet. Kijana huyu wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15. Msimu wa 2008/09, akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa kila mchezo. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika drafti ya NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Msimu wa kwanza akapata pointi 3.1 na ribaundi 3.6 kwa mchezo, akipewa dakika zipatazo 13. Februari 2010 akateremshwa ligi ya maendeleo. Akapelekwa Houston, akapelekwa Portland, akaenda Oklahoma City. Msimu wake wa nne ulimkuta katika timu ya nne. Baada ya 2014 hakucheza tena mechi ya NBA, na huku nyumbani tukafunga jalada: mrefu akishindwa akiwa na miaka 22, ameshindwa.

Sasa mweke kando ya Mfaransa Rudy Gobert. Alichaguliwa wa 27 mwaka 2013 na kuishia Utah Jazz. Msimu wake wa kwanza alipata pointi 2.3 na ribaundi 3.4 kwa mchezo. Naye aliteremshwa ligi ya maendeleo. Soma tena namba hizo: kwa takwimu za msimu wa kwanza, Thabeet wetu alikuwa mbele. Leo Gobert ana tuzo nne za mlinzi bora wa NBA, ya kwanza akiwa ameipata mwaka 2018. Sidai kwamba wawili hawa walikuwa sawa kwa miguu, mikono na bidii. Ninachodai ni kwamba mtu aliyewatazama katika msimu wa kwanza tu asingeweza kusema yupi atakuwa nani. Utah walikaa na Gobert misimu tisa. Thabeet hakupata timu iliyokaa naye zaidi ya misimu miwili.

Na sisi Wafipa wa Sumbawanga ndio watu wa mwisho nchini tunaopaswa kuikubali imani hii ya kumtupa mrefu mapema. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika ilungu, tanuru refu kumzidi mtu, na walijua kwamba kinachotoka humo bado kina takataka. Kilirudishwa motoni mara ya pili katika kintengwe, tanuru dogo, ndipo kikaenda kwa mhunzi kuwa jembe. Hakuna aliyekitupa kile cha kwanza.

Sababu za warefu kuchelewa zinafahamika. Mtoto anayerefuka sentimeta kumi kwa mwaka anaamka kila msimu na mwili mgeni. Mifupa inatangulia, misuli inafuata kwa kuchelewa, magoti yanauma, na hatua aliyoizoea jana leo inamwangusha. Pia kazi yenyewe ni ngumu kuisoma. Mfupi anayepanga mashambulizi anaushika mpira kila dakika, na kwa hiyo anajifunza kila dakika. Senta, yule mrefu wa chini ya ringi, anasimama akitazama watu tisa, akijua lini aondoke kwa mtu wake kwenda kumsaidia mwenzake na lini asithubutu, na mpira anaugusa akikumbukwa. Ujuzi wa namna hiyo unataka miaka.

Hakeem Olajuwon alikuwa kijana wa Lagos wa mpira wa miguu na wa mikono, akaanza kikapu karibu na miaka 15; ubingwa wa NBA aliuchukua 1994 na 1995, akiwa amevuka 30. Joel Embiid wa Yaoundé naye alianza kwenye umri huohuo, akachaguliwa wa tatu mwaka 2014, mguu ukamweka nje misimu miwili mizima, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi. Brook Lopez alifunga mitupo mitatu tu ya pointi tatu katika misimu yake minane ya mwanzo. Msimu wa tisa alifunga 134.

Wapo wasiobadilika, nalikubali hilo. Shaquille O'Neal alistaafu akiwa bado anakosa karibu nusu ya mitupo huru yake. Lakini kutoka hapo hadi kusema hakuna anayebadilika ni uvivu wa wanaopaswa kufundisha.

Na ufundishaji wenyewe si ghali kama tunavyojidanganya. Kocha Ray Meyer alipoanza kazi Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, mwaka 1942, alimkuta kijana wa miwani, mrefu na mzito wa miguu, George Mikan. Alimrukisha kamba, akampeleka kujifunza kudansi, na akamwekea zoezi ambalo mpaka leo linaitwa kwa jina la kijana huyo. Unasimama chini ya ringi. Unakanyaga kwa mguu wa kushoto, unatupia ubaoni kwa mkono wa kulia. Mpira ukipita wavuni unaudaka juu ya uso, bila kuushusha kiunoni, unakanyaga kwa mguu wa kulia na kutupia kwa mkono wa kushoto upande wa pili. Kulia, kushoto, mamia kwa siku. Mikan alitwaa ubingwa mara tano katika ligi iliyokuja kuwa NBA. Zoezi hilo linataka ringi moja, mpira mmoja na mahali pa kukanyaga hatua mbili.

Kijana wa Ufipa anapata nini? Wenzake wanamwita mlingoti. Viatu vya namba 47 havipatikani hata kwenye marobota ya mitumba. Wiki chache kabla ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, mwalimu anamkumbuka, anamsimamisha chini ya ringi katika baridi ya Juni na kumwambia anyooshe mikono. Akipokonywa mpira na mfupi mara tatu, anarudishwa benchi, na akimaliza kidato cha nne anarudi kulima mahindi. Halafu tunasema hakuwa na kitu.

Khaman Maluach wa Sudan Kusini alikulia Kampala. Kikapu alikianza karibu na miaka 13, akajifunza mengine kwa kutazama video, na watu walioamini atakua wakampeleka akademi ya NBA huko Saly, Senegal. Mwaka 2024 alicheza Olimpiki akiwa na miaka 17. Mwaka 2025 alichaguliwa wa kumi katika drafti. Kampala siyo mbali na sisi kiasi hicho.

Basi, mwalimu wa michezo wa Sumbawanga, Nkasi au Kalambo: huyo kijana mrefu uliyemwacha benchi muhula uliopita, mwite Jumatatu baada ya vipindi. Mpe mpira, mfundishe zoezi la Mikan, na usimhukumu kabla ya miaka mitatu. Nanyi viongozi wa kikapu wa mkoa, mtafutieni mahali pa kuchezea amalizapo kidato cha nne, maana hapo ndipo mchezo wake unapoanza.