Ufasiri wa Rimoti Uwe na Mahali Pake

Jambo tunalolizungumzia leo laweza kuonekana dogo likiwekwa kando ya bei ya kahawa ya Mbinga au usafiri wa ziwani. Hata hivyo, tangu nchi yetu ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia, tarehe 31 Desemba 2012, king'amuzi kimekuwa kifaa cha lazima katika nyumba nyingi zenye televisheni. Na king'amuzi bila rimoti ni mtumbwi bila kafi. Rimoti ikiharibika, mkazi wa Songea mjini hupata nyingine siku hiyo hiyo. Mkazi wa Liuli, wa Lituhi au wa kisiwani hana budi kungoja chombo, kisha gari, na akifika dukani huenda akaambiwa kwamba rimoti za aina ile hazitengenezwi tena.

Kwa nini basi rimoti ya jirani isifanye kazi hiyo? Jibu limo katika swali ambalo mafundi wa Linux, mfumo endeshi uliomo ndani ya ving'amuzi vingi duniani, walilijadili kwa kina mwishoni mwa mwaka 2009: ishara ya rimoti ifasiriwe wapi ndani ya mashine?

Ni vema ieleweke kwamba rimoti haitumi neno "ongeza sauti". Hutuma mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaowaka na kuzimika kwa utaratibu maalumu. Katika utaratibu wa NEC ya Japani, ishara huanza kwa pigo la milisekunde 9, kisha kimya cha milisekunde 4.5, halafu hufuata alama 32 za sifuri na moja, zinazotofautishwa na urefu wa kimya kilicho kati ya pigo na pigo. Philips wana utaratibu wao, na Sony wana wao. Lazima kwanza pawe na mfasiri wa kuyageuza mapigo hayo kuwa namba; kisha pawe na jedwali linalosema namba fulani ni kitufe fulani.

Kwa miaka mingi kazi zote mbili zilifanywa nje ya kiini cha mfumo endeshi, na programu ya kawaida iitwayo LIRC. Waliotetea njia hiyo walikuwa na hoja nzito. Kosa ndani ya kiini laweza kuisimamisha mashine nzima, ambapo programu ya nje ikianguka huinuliwa tena bila madhara. Aidha, aina za rimoti hazina idadi. Kuziingiza zote ndani ya kiini ni kukitwisha mzigo usio wake.

Upande wa pili nao haukukosa haki. Walisema kitufe cha rimoti ni kitufe kama cha kibodi, na hakuna mtu anayelazimika kuandika mafaili ya maelekezo ndipo kibodi yake imtii. Kiini kikifasiri chenyewe, kila programu itapokea "ongeza sauti" bila kuulizana na programu nyingine.

Suluhisho lililopatikana mwaka 2010 lilikuwa la busara. Taratibu zinazojulikana, kama za NEC, Philips na Sony, zikafasiriwa ndani ya kiini. Jedwali la vitufe likaachwa liweze kubadilishwa kutoka nje, bila kuujenga upya mfumo. Mapigo mabichi nayo yakaendelea kutolewa nje kwa yeyote mwenye rimoti ya ajabu. Mwaka 2018 ikaongezwa njia ya tatu: mtu aweza kuandika programu fupi ya kufasiri utaratibu mpya na kuiingiza ndani ya kiini, baada ya kiini chenyewe kuikagua na kuthibitisha kwamba haitazunguka bila mwisho wala kugusa kumbukumbu isiyoihusu.

Sisi tunaiunga mkono njia hiyo, na tunaamini maofisa wetu wataielewa kwa wepesi kuliko watu wengi. Sera ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972, na kurudishwa kwa serikali za mitaa katika miaka ya 1980, vilitokana na swali lile lile: lipi liamuliwe katikati na lipi liachwe mikononi mwa walio karibu na jambo. Kilicho sawa kwa wote, cha haraka na kisichobadilika, kifanyike katikati. Kinachotofautiana nyumba na nyumba kiachwe kwa mwenye nyumba.

Tatizo ni kwamba busara hiyo ya mafundi haimfikii mwananchi. Mtengenezaji anaweza kuutumia mfumo huo huo, kisha akalifunga jedwali la vitufe ndani ya kifaa lisiguswe na mtu. Wapo watakaosema kufuli hilo hulinda matangazo ya kulipia. Hoja hiyo haisimami. Malipo hulindwa kwa kadi na kwa usimbaji wa matangazo yenyewe. Kubonyeza kitufe cha rimoti ya jirani hakumfungulii mtu chaneli asiyoilipia. Wengine watahofu kwamba rimoti moja itaendesha vifaa viwili kwa pamoja. Hiyo nayo ina dawa, kwani ishara ya NEC hubeba namba ya kifaa kinachoambiwa pamoja na namba ya kitufe, na jedwali hutenganisha.

Kwa hiyo tunatoa wito wa mambo matatu. Kwanza, halmashauri za Mbinga na Nyasa, zinaponunua televisheni na ving'amuzi kwa ajili ya shule, zahanati na kumbi, ziandike katika masharti ya zabuni kwamba mwenye kifaa aweze kubadilisha jedwali la vitufe. Pili, wasimamizi wa mawasiliano wawatake wauzaji waeleze wazi utaratibu wa rimoti na namba ya kila kitufe. Tatu, vyuo vya ufundi stadi viwafundishe vijana kazi hii, ili fundi wa Mbamba Bay aweze kuizoesha rimoti iliyopo badala ya kumpeleka mteja Songea.

Hakuna katika haya linalohitaji fedha za kigeni wala mtaalamu kutoka nje. Kazi ya ufundi ilikwisha kufanywa, na yeyote anaweza kuisoma. Kilichobaki ni mnunuzi kuuliza kabla ya kulipa, na Serikali, ambayo ni mnunuzi mkubwa kuliko wote, ndiyo inayopaswa kuanza kuuliza.