Gari la Mzigo Linaanza na Breki, Sio Bampa



Kila nikiposti picha ya Land Rover yangu imepakia vitunguu vya Mang'ola, inboksi inajaa swali lile lile: "Boss, na mimi nimepata mkweche wa bei rahisi, nianze kutengeneza wapi?" Ukiwauliza wao wanawaza nini, jibu wanalo tayari. Taa za juu, bampa la chuma, tairi kubwa.

Leo natoa maoni yangu, na najua kuna watakaonuna. Kutengeneza gari la zamani mwenyewe nyumbani ni uamuzi mzuri kwa muuzaji mdogo. Lakini ukianza na kinachoonekana, gari litamaliza mtaji wako, au litamaliza mtu.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilianza vibaya. Gari langu ni 109, Series III, zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Hiyo 109 ni inchi, kipimo cha kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Nililichukua kwa baba mdogo likiwa limelala nyuma ya nyumba miaka mingi. Hela ya kwanza niliyoshika, 380,000, faida ya msimu mzima, nikaimalizia kwenye taa na bampa. Watu wakasifia picha, na mimi kichwa kikavimba.

Wiki iliyofuata ndo nikagusa breki, na jeki moja ya kuazima. Uwanja wetu una mteremko kidogo. Nikavuta handbreki mpaka mwisho, nikainua gurudumu moja la nyuma, mdogo wangu akaingia chini kunimulikia tochi. Bahati nzuri nikamtuma spana. Hajafika mlangoni, gari likasogea, jeki ikalala, gari zima likashuka chini pale pale alipokuwa amelala.

Nilikaa chini nikatetemeka. Handbreki nimevuta, sasa limesogeaje?

Baadaye nikajifunza. Kwenye Land Rover hizi za zamani handbreki haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye gia kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, hilo lililo hewani linazunguka bure kupitia difu, na lile lililo chini linaachiwa litembee. Yaani umevuta handbreki na bado gari liko huru. Dawa yake ni rahisi: gari likae tambarare, weka mawe makubwa au magogo mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, halafu chini ya gari weka stendi imara. Jeki ni ya kuinulia, sio ya kulalia chini yake. Stendi mbili zingenigharimu sehemu ndogo tu ya zile taa.

Kwa hiyo, mpangilio wangu sasa ni huu.

1. Chesisi. Land Rover inadanganya macho. Ilipoanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndo maana bodi ikatengenezwa kwa alumini. Bodi haili kutu kama chuma, lakini chesisi ni chuma, na inaoza kutokea ndani ambako tope linakaa. Kabla hujalipa hata shilingi, pita na nyundo ndogo ukigonga taratibu. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Kuchomelea chesisi mpe fundi anayejulikana, usijaribu mwenyewe.

2. Breki na stelingi. Oili ya breki inavuta unyevu. Gari likikaa muda mrefu, ndani ya silinda panaota kutu. Toa yote, weka mpya, angalia na mipira. Na usikubali kuongezewa oili ya injini humo, inavimbisha raba na breki zinakufa. Ukimaliza, fundi akague kabla hujapakia. Kushuka bonde la Eyasi na magunia sio mahali pa kujaribia breki.

3. Upoozaji. Safisha rejeta, badilisha mipira ya maji iliyopasuka na mkanda wa feni uliochoka. Mafundi wengi wanapenda kutoa themostati kabisa. Mimi napinga. Injini inachelewa kupata joto lake na inakula mafuta zaidi.

4. Ndo uje kwenye kupendeza. Hata hapo fikiria mara mbili. Tairi kubwa zinaongeza kazi kwa breki na beringi, na spidi inasoma pungufu kuliko unavyokimbia. Keria iliyojazwa mzigo juu inalifanya gari liwe jepesi kupinduka.

Kuna wanaosema muuzaji hana muda wa kujipaka grisi, alipe gereji, yeye akauze. Wana hoja. Siku ninayoshinda chini ya gari, meseji za wateja zinalala. Ndo maana nimegawa kazi. Oili, filta, grisi, mipira ya maji na nyaya nafanya mwenyewe Jumapili. Ya hatari namwachia fundi, lakini nakaa pembeni naangalia. Nikikwama njiani na mzigo wa mteja, ujuzi huo ndo unaniokoa. Na kila spea naiandika kwenye daftari la biashara, sio kwenye hela ya chakula. Mwisho wa mwezi nalinganisha na nauli ambayo ningelipia gari la kukodi. Gari likizidi hapo, halinifanyii biashara tena, limekuwa starehe yangu.

Mteja wako wa Arusha hataona bampa lako kamwe. Yeye anaona kitu kimoja tu: mzigo umefika siku uliyoahidi, au haujafika.

Zile taa niliziuza hapa hapa mtandaoni, kwa hasara. Nikanunua stendi na mipira ya breki. Mdogo wangu bado ananimulikia tochi, ila sasa haingii chini mpaka atikise gari kwanza mwenyewe.

Wewe una mkweche nyumbani? Hela yako ya kwanza uliweka wapi? Andika hapo chini, bila aibu, tujifunze.