Jumia Hawakufukuzwa na Mtu

Wadau, kampuni ya teknolojia ikifunga virago hapa Bongo, wimbo ni uleule: serikali, kodi, urasimu. Jumia ilipofunga duka lake la mtandaoni nchini Novemba 27, 2019, siku chache baada ya kufunga lile la Cameroon, wimbo ukapigwa tena. Mimi sikubaliani nao.

Siisafishi serikali. Uber iliposimamisha huduma zake Aprili 2022, chanzo kilijulikana: LATRA ilikuwa imeweka kikomo cha asilimia 15 kwenye kamisheni. Kikomo kikalegezwa, Uber ikarudi Januari 2023. Pale mkono wa mdhibiti ulionekana.

Lakini Jumia? Iliingia soko la hisa la New York Aprili 2019 ikiwa na limbikizo la hasara la zaidi ya euro milioni 860. Ukishakuwa pale, wenye hisa wanauliza faida iko wapi, na masoko madogo ndiyo ya kwanza kukatwa. Wenyewe walisema wanaelekeza nguvu kwenye nchi nyingine. Sisi tulikuwa masoko madogo, basi.

Kwa nini madogo? Chukua simu ya laki mbili, jaribu kuifikisha Maretadu, kule Mbulu. Wakati ule nyumba haina namba (operesheni ya anwani za makazi ilikuja 2022). Mteja anataka kulipa akishauona mzigo, na ana haki, maana watu wameshauziwa kipande cha sabuni ndani ya boksi la simu. Mleta mzigo anafika, mteja hapokei simu, au ameghairi. Mzigo unarudi ulikotoka na gharama za safari zote mbili ni za kampuni. Hata Dar hesabu hiyo inauma. Kijijini inaua kabisa.

Wakati huohuo mwenye duka wa Maretadu anaagiza mali kutoka Arusha bila mbwembwe. Anatuma hela kwa simu, mzigo unapanda basi, bodaboda anamalizia. Ukipotea, anajua wa kumbana, kwa sababu anamfahamu muuzaji na kondakta pia.

Kampuni itakayokuja kesho na kutuhesabu sote milioni 60 na ushee kama wateja (wawekezaji wanaipenda sana namba hiyo) ianze kwa kumuuliza huyo mwenye duka anamlipa kondakta shilingi ngapi.